Jembe Moja Lenye Mpini

Tangu nirudi, kila anayekuja kuchukua suruali yake anauliza mambo yaleyale. Ni kweli Salome ameingia chuo kikuu bila kupita kidato cha tano? Ni kweli mlikalishwa mpakani kwa sababu ya jembe? Na wale viwavi, mliwala? Huwezi kusimulia vizuri ukiwa na pini mdomoni, na juzi nimemwekea mwalimu mmoja zipu upande wa nyuma kwa sababu ya kusimulia. Kwa hiyo nimeandika. Karatasi hizi zitakaa hapa mezani. Anayesubiri nguo asome, asinisemeshe.

Kwa wageni wa duka: mimi ni Hezron, fundi cherehani hapa Ruanda, Mbozi. Tuko watatu kwetu. Mimi ni wa kwanza, Yona anaangalia kahawa, Salome ni wa mwisho. Baba alitangulia, mama akamfuata nikiwa kidato cha pili. Nikakunja sare yangu, nikakaa kwenye cherehani ya mama, na hapo ndipo nilipo mpaka leo. Sikumaliza shule, lakini shule za wilaya hii nazijua zote kwa rangi za sketi.

RUANDA HADI TUNDUMA

Salome alipata daraja la kwanza kidato cha nne, akapangiwa kidato cha tano kusoma historia na lugha, mbali huko. Yeye tangu mdogo anataka kilimo. Akaomba chuo kikuu kimoja cha Zambia kwa cheti hichohicho cha kidato cha nne, na wakamwita. Kelele zikaanza. Mzee mmoja wa kanisani alikuja kupima koti, akaniambia mdogo wangu anaruka madarasa mawili kama mbuzi anavyoruka uzio, na mbuzi wa hivyo hurudishwa kwa kamba.

Nilicheka, lakini sikulala vizuri. Barua ya Zambia ilisema aripoti kabla ofisi hazijafungwa Ijumaa, la sivyo nafasi inapewa mwingine. Muda wa kuripoti kidato cha tano nao ulikuwa unaisha Ijumaa hiyohiyo. Tukikataliwa kule, huku napo pameshafungwa, na Salome anabaki nyumbani na daraja lake la kwanza, anachuma kahawa na Yona.

Sasa kuhusu jembe. Wadogo zangu wote wawili nimewapeleka bweni, na kila shule ilitoa orodha ileile: jembe moja lenye mpini, fyekeo, ndoo yenye mfuniko, fagio la chelewa, rimu ya karatasi. Barua ya Zambia iliandika vyeti, picha, na mahitaji binafsi ya mwanafunzi. Nikajua wamefupisha.

"Kaka, hakuna jembe kwenye barua," Salome akasema aliponiona nalifunga kwa kamba.

"Wamesahau."

"Ni chuo kikuu."

"Cha kilimo. Utalima kwa kalamu?"

Akanyamaza. Akinyamaza Salome ujue hajashindwa, anaweka akiba.

Jembe lenyewe wengine mnalijua. Ndilo nililoingia nalo kidato cha kwanza mimi, na kwenye mpini niliandika HEZRON kwa msumari wa moto, kwa sababu shuleni jembe lisilo na jina ni la kila mtu. Nilipoacha shule nikarudi nalo. Yona akalibeba, Salome akalibeba, na hakuna aliyefuta jina.

Tulifika Tunduma Jumatano asubuhi. Foleni ya malori ilikuwa imetoka nje ya mji, madereva wameshaanza kufua nguo na kuzianika kwenye vioo. Tulikula wali maharage kwa mama lishe mmoja ambaye alitutazama, akatazama ndoo, fagio, jembe, fyekeo, akauliza kwa upole, "Mmefukuzwa na mwenye nyumba?"

Salome akamwambia, "Mimi nakwenda chuo kikuu. Huyu sijui anakwenda wapi."

Mama lishe akanishauri niache fyekeo kwake. Makali yale, akasema, yatanichelewesha mpakani. Nikaliacha. Mnaona kwamba ushauri nasikiliza.

MPAKANI

Ofisa aliyetuhudumia upande wa Zambia alikuwa kijana mtaratibu, anaongea Kiswahili cha Nakonde. Karatasi za Salome zikapita bila neno. Kisha akaniangalia.

"Huyu anakwenda kusoma. Wewe?"

"Namsindikiza."

"Na jembe linamsindikiza nani?"

"Ni la kwake."

"Anakwenda chuo kikuu na jembe?"

"Ndiyo, mkubwa."

Akamwambia mwenzake jambo kwa Kibemba, na mwenzake akaacha kuandika ili acheke vizuri. Kisha akawa makini. Kuna watu, akasema, wanaingia kutafuta vibarua mashambani bila kibali, na mtu wa kawaida hasafiri na jembe. Alikuwa na haki ya kuuliza. Tukaambiwa tukae kwenye benchi. Salome alikaa nafasi ya watu watatu kutoka kwangu, mahali pa mtu asiyenijua.

Tulikaa mpaka basi la mchana likaondoka. Nilijieleza kwamba kwetu mwanafunzi bila jembe hapokelewi. Ofisa hakuamini. Ndipo Salome, bila kunitazama, akafungua faili lake na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne: orodha ya shule yake ya kidato cha kwanza, yenye muhuri. Huyu mtoto hatupi karatasi.

Ofisa akaisoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima, kama anasoma matangazo ya ndoa. "Jembe moja lenye mpini. Fyekeo moja. Ndoo." Akashusha karatasi. "Tanzania mnapeleka watoto shule au mnafungua shamba?"

"Vyote," nikasema.

"Na wewe uliwahi kubeba?"

Nikamwonyesha jina kwenye mpini. Akalisoma, akalilinganisha na hati yangu, akagonga muhuri. Basi lililofuata lilikuwa la alfajiri Alhamisi. Tulikuwa tumepoteza siku moja, na Salome akaniambia sentensi moja tu mpaka kesho yake: "Ijumaa ikitushinda, hilo jembe utalila."

NAKONDE HADI MPIKA

Chini ya basi, kwenye mizigo, palikuwa pamejaa, hivyo jembe likasafiri katikati ya magoti yangu. Jirani yangu wa kiti alikuwa Ba Mutale, mwalimu mstaafu wa Nakonde, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Huko "Ba" ni heshima, huliiti jina la mtu mzima likiwa uchi. Alisalimia "Mulishani," akaangalia jembe, akasema kwa Kiswahili cha sokoni, "Wewe unaenda na mwenzako?"

Nikamweleza habari yote. Nilitegemea acheke. Akasema, "Sisi zamani tulikuwa nayo. Watoto wanalima shamba ya shule, jembe kila mtu. Ilikwisha. Sasa wanalima simu."

Kisha akamgeukia Salome na kuanza kumhoji kama yuko darasani. Nikapata elimu yangu ya juu bila kulipa, kati ya Nakonde na Isoka.

Zambia, akasema, mtoto anasoma miaka saba ya msingi na mitano ya sekondari, jumla kumi na miwili, halafu anakwenda moja kwa moja chuo kikuu. Hakuna kidato cha tano na sita kama chetu. Malawi wana minane na minne, inakuja kulekule kumi na miwili. Kenya nao walikuwa na nane na nne, lakini wamefumua. "Na sisi tunafumua," akaongeza kwa huzuni ya mtu aliyefundisha miaka mingi. "Kila waziri na mkasi yake."

Alama nazo ni vituko. Kwetu kidato cha nne mtu anajumlisha pointi za masomo saba, na mwenye pointi chache ndiye anayebebwa juujuu. Kwao wanajumlisha sita, na wao pia chache ndiyo sifa. Ukivuka tu kwenda Zimbabwe, akasema, mwanafunzi wa mtihani wa mwisho anatafuta pointi nyingi. Nikawaza mzazi wa huku amepokea simu kutoka kule: mtoto amepata pointi kumi na tano, kule ni kileleni, kwetu kidato cha sita ni daraja la tatu. Achinje mbuzi au amtafutie cherehani?

"Lakini wewe sikiliza," akamwambia Salome, akamgonga gotini kwa kidole. "Ofisini wanatafuta kredit tano, masomo tano ya C kwenda juu. Unazo?"

"Ninazo saba, Ba Mutale."

"Basi usikubali mtu akuambie habari ya kidato cha sita. Kredit tano. Sema."

"Kredit tano."

"Iwe," akanigeukia mimi, kwa Kibemba ni kuita "wewe", "na wewe nyamaza."

Mkumbuke kwamba niliambiwa.

Mbele ya Isoka tairi la nyuma likapasuka. Udongo wa pembeni ulikuwa laini, jeki ikawa inazama badala ya kuinua. Dereva alizunguka mara mbili, kisha akachungulia ndani. "Yule mwenye jembe yuko wapi?"

Nilishuka taratibu, kwa hadhi. Nikachimba, nikasawazisha, tukaweka jiwe bapa, jeki ikasimama. Abiria wote waliokuwa wamenicheka tangu Nakonde walisimama kutazama. Nilimtafuta Salome kwa macho. Alikuwa anatazama ndege.

Tukisubiri, Ba Mutale alitoa chikanda, kitu cha kahawia kilichokatwa vipande kama keki, kina pilipili na karanga. Nikakila nikidhani nyama. Akaniambia ni mizizi, na mingi inatoka vilimani kwetu. Nimeishi Mbozi maisha yangu yote nikaenda kula mizizi ya kwetu kando ya barabara ya Zambia.

MPIKA

Huko mabasi ya abiria hayaruhusiwi kutembea usiku, kwa hiyo jua lilipozama tuliambiwa tushuke Mpika mpaka alfajiri. Kwenye nyumba ya wageni nilimwambia mhudumu nahitaji vyumba viwili. Akasema kimebaki kimoja, kitanda kikubwa, kinafaa kwa bwana na bibi.

"Ni mdogo wangu," nikasema.

Akatazama ndoo, fagio, jembe. "Na mmehama na vyombo?"

Ba Mutale akaingilia kati kwa Kibemba kirefu. Sikuelewa ila neno "jembe" alilosema kwa Kiswahili, na mhudumu akashika mdomo. Salome akalala kwa Ba Mutale. Mimi nikalala kwenye kiti cha basi pamoja na fundi aliyetubadilishia tairi, tukiwa wawili wenye vifaa.

Kabla ya kulala tulikula. Mama muuzaji alinipimia kikombe cha vitu vyeusi vilivyokaangwa vikavu, nikala nusu nikisifu dagaa wa Zambia wana nyama. Salome alisubiri nimalize. "Kaka, hao ni viwavi." Hiyo ndiyo akiba aliyokuwa ameiweka. Jibu la swali lenu ni ndiyo, niliwala, na kikombe nilikimaliza kwa sababu nilishakisifu.

MPIKA HADI CHUONI

Ijumaa tuliondoka kukiwa bado giza. Serenje, Mkushi, Kapiri Mposhi. Salome alishika faili kifuani njia nzima na kila kituo aliuliza saa. Mashimo ya barabara yalikuwa yanamjibu. Ba Mutale, aliyekuwa anakwenda Lusaka, alimpa maji na kumfanyisha mazoezi: "Ofisini unasema nini?" "Kredit tano." "Na kaka?" "Ananyamaza."

Tuliposhuka na kumuacha dirishani akatupungia miwani. Jina la chuo nitaliacha, Salome amenikataza. Tuliingia getini zimebaki saa mbili ofisi zifungwe. Mlinzi alilishika jembe, akaligeuza, akanirudishia bila kuuliza. Huyo nilimpenda.

OFISINI

Foleni ilikuwa ndefu, vijana wenye masanduku ya magurudumu. Tulipofika dirishani ilibaki nusu saa. Binti wa ofisini alikuwa mchangamfu na amechoka. Alisoma cheti cha Salome, akahesabu kwa vidole, akaandika kitu, akahesabu tena. Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili, lakini nilisikia namba. Eleven. Twelve. Fundi husikia namba hata akilala.

"Anasemaje?" nikamuuliza Salome.

"Anasema miaka saba na minne ni kumi na mmoja. Wao wanataka kumi na miwili. Umepungua mmoja." Sauti yake ilikuwa imebaki ndogo. "Anasema nirudi nikasome kidato cha tano."

Kidato cha tano kilikuwa kinafungwa saa hiyohiyo, nyuma yetu, mwendo wa siku mbili.

Salome akasema kredit tano. Akasema vizuri, bila kutetemeka. Binti akasema amesikia, lakini miaka haitoshi, akaanza kurudisha cheti kwenye faili. Mimi, ambaye nilikuwa nimeambiwa ninyamaze na mwalimu mstaafu, nikaona kitambaa kimepungua kipande kimoja tu na kipande hicho ninacho mimi.

Mama alipofariki, Salome alikuwa darasa la nne. Mwaka ule hakusoma chochote, alikuwa anakaa chini ya cherehani anaokota nyuzi. Akafeli mtihani, akarudia darasa. Hajawahi kumwambia mtu wa sekondari. Rafiki zake wote wanajua alipita moja kwa moja.

Nikaegemea dirishani. "Madam," nikasema kwa Kiingereza chote nilichonacho, na kwa sauti ya sokoni. "She repeat. Standard Four. Two times. Now is twelve."

Foleni yote ikageuka. Kisha ikacheka, si kwa ubaya, lakini ikacheka. Salome aligeuka kuniangalia, na nawaambia wazi, mpakani alikuwa ananipenda.

"Nursery also," nikaongeza, kwa sababu nilishaanza. "Thirteen."

Binti naye akacheka mpaka akafunika uso na cheti. Kicheko hicho ndicho kilichomtoa mzee mmoja chumba cha nyuma, amevaa sweta lililotoboka kiwiko, akauliza kuna nini. Akachukua cheti, akakisoma mara moja. Akamwuliza Salome kwa nini amekuja na mtu mwenye jembe. Salome akajibu kwa Kiingereza kizuri sana, "Ni kaka yangu. Ndiye mzazi."

Mzee akatuita pembeni, binti naye akaja. Alichukua karatasi akachora mistari, na Salome akawa ananitafsiria. Uingereza, mtoto anasoma shule miaka kumi na mitatu, chuo mitatu. Uskoti, nchi ileile na mfalme yuleyule, anaweza kutoka shule mapema, lakini chuo ni minne. Marekani kumi na miwili kwa minne. Zambia hivyohivyo. Tanzania, ukipita kidato cha sita, kumi na mitatu kwa mitatu. Kila mstari aliukata mahali tofauti, lakini mwisho wake, akaonyesha kwa kalamu, ulikuwa karibu sehemu moja: kumi na sita.

Nilielewa kabla Salome hajamaliza. Ni suruali ileile. Huyu anaweka mshono juu ya goti, yule chini ya goti, na wote wanabishana kuhusu mshono.

"Kilimo hapa ni miaka mitano," mzee akamwambia yule binti. "Kumi na mmoja na mitano?"

"Kumi na sita," nikasema mimi, kwa Kiswahili, na akaonekana kuelewa.

Akamwelekeza binti kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: kredit tano za kidato cha nne au cheti kinacholingana. Hakuna mahali palipoandikwa miaka. Binti akaomba radhi, ni wiki yake ya kwanza, akampa Salome fomu. Zilikuwa zimebaki dakika kumi.

Yaani kredit tano zilitosha. Ba Mutale alikuwa sahihi, na mimi nilitangaza siri ya mdogo wangu mbele ya darasa lake zima bure.

Alijaza fomu amesimama. Kulikuwa na sehemu inayouliza miaka ya shule. Kalamu ikasimama. Akaniangalia, akaandika 12, akapiga mstari chini yake.

"Usiseme neno," akaniambia.

Nikabeba jembe.

KURUDI

Bwenini alipokea ndoo. Fagio alilipokea. Jembe akasema rudi nalo. Nikalisimamisha nyuma ya mlango wake alipokwenda kuchukua ufunguo, nikaaga haraka, nikaondoka. Nilikuwa nimeshapanda gari aliponipigia simu, na mambo aliyosema hayahusu wanaosubiri suruali.

Mpakani yule ofisa alinitambua kabla sijatoa hati.

"Jembe liko wapi?"

"Limepata nafasi."

"Na dada?"

"Naye pia."

Akagonga muhuri. Tunduma nilichukua fyekeo langu kwa mama lishe na kukuta nyasi za nyuma ya kibanda chake zimekatwa vizuri. Nikamshukuru kwa kunitunzia.

Wiki iliyopita Salome amepiga simu, mara ya kwanza bila kugomba. Mwaka wa kwanza wamegawiwa vipande vya shamba. Majembe ya chuo hayatoshi, wanapeana zamu, yeye tu ndiye mwenye la kwake. Msimamizi wa shamba huandikisha kila kifaa asubuhi ili kisipotee, na la Salome aliliandika kwa jina alilolikuta kwenye mpini. Kwa hiyo kabla ya kazi anasoma daftari mbele ya darasa zima, na akifika hapo anaita, "Hezron."

"Na wewe unafanyaje?" nikamuuliza.

"Nanyoosha mkono," akasema. "Najibu: yupo."